Leseni Namba 318

Nilimtafuta Mfaransa mmoja Ruwi,
mwenye mgahawa nyuma ya duka la matairi:
mlango wa buluu, meza saba,
vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi mpaka vikasimama vyenyewe.
Kibaoni, Onore Valkuri.

Mwaka wa sabini na nne, wanasema, aliingia
na sanduku la visu na suti moja.
Mwaka wa themanini na moja, Alhamisi,
mlango haukufunguliwa.
Basi. Kama mvua ya Maskati: imenyesha, imekwisha,
watu wamebaki kubishana ilinyesha lini.

Nilianza manispaa.
Karani akapuliza vumbi, akanipa faili
jembamba kama mkate wa rakhali.
Leseni. Picha isiyo na uso, mchwa wameanzia machoni.
Na penye mahali pa kuzaliwa, kwa wino wa kijani,
"Ufaransa."
Ufaransa tu! Hata mbuzi huandikiwa zizi.

Nikaenda ubalozini. Bibi mmoja, miwani yake ina kamba,
akaisoma menyu niliyoipata kwa muuza vikuukuu Matrah,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Huyu Kifaransa alikisikia mlangoni," akasema.
"Anaandika kama mtu aliyesimama nje ya darasa."
Nikaikunja menyu. Nilikasirika,
sijui kwa niaba ya nani.

Kunjumoni, aliyekuwa akimwoshea sufuria,
sasa ana kiduka chake cha chai Wadi Kabir.
"Mchuzi wake wa divai haukuwa na divai.
Ukwaju, bwana. Ukwaju na sukari ya kuungua.
Na ile keki ya nyumba,
wazungu wa mafuta wakiifunga kwenye karatasi
kuwapelekea wake zao,
ilikuwa mchele wa kusaga, tui, iliki,
moto juu, moto chini."

Moto juu, moto chini.
Nilikaa na chai yangu mpaka ikafanya utando.

Mkate wa sinia. Kwetu haukosi siku ya Idi.

Usiku ule nikamwendea mama, Bi Shinuna,
aliyemenya vitunguu vya Musyu miaka mitatu
tulipokuwa wageni hapa, na Kiarabu chetu
kinatembea kwa magongo.
"Mama, yule Mfaransa..."
Akaendelea kuchambua mchele.
"Mfaransa gani?"

Chuya moja. Chuya ya pili.
"Siku mafuta yalipomrukia mkononi
hakusema mondyu. Alisema mdzadze,
mara mbili, kwa sauti ya mtoto.
Neno si letu, lakini si geni:
ni mzazi aliyeazima kanzu ya jirani.
Mngazidja yule, wa Ntsaweni.
Mhadji wa Boinariziki. Aliniambia mwenyewe
nikimpaka asali kwenye lengelenge."

Miezi minane nimezunguka!
Mafaili, mihuri, foleni, teksi za kwenda na kurudi!
"Mbona hukuniambia?"
"Mimi hukuniuliza. Uliuliza karatasi."

Kisha, bila kuinua macho:
"Mngazidja angepewa sufuria aoshe.
Mfaransa akapewa leseni.
Unamshangaa? Babako pale uwanja wa ndege,
alipoulizwa kabila, unadhani aliandika la nani?
Alitaja la mjomba wake wa kunyonya.
Ndilo hilo unalotilia saini."

Sikujibu. Ungo ukaendelea kuchezeshwa,
mchele huku, chuya kule,
na mimi nikiutazama mkono wangu wa kulia
kama mkono wa mpangaji.

Alikwenda wapi ile Alhamisi? Mama hajui,
au anajua na swali langu bado halijawa zuri.
Mlango wa buluu sasa umepakwa rangi nyeupe;
wanauza betri.

Nilirudi manispaa. Karani akauliza, umempata?
Nikamwambia, karibu.
Akageuka kutafuta miwani yake,
nami pembeni ya neno "Ufaransa"
nikaandika Ntsaweni, herufi ndogo ndogo,
kwa penseli,
ili mwenyewe akipita siku moja, asipotaka,
afute.